Shule ni ya nani? Habari za Massachusetts

Tumezoea kuwaona watoto wakienda shule asubuhi, hata twadhani ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Sivyo. Shule ya watoto wote, inayolipwa kwa kodi ya watu wote, ilipatikana kwa mabishano makubwa. Leo tutazame jimbo moja la Marekani, ndilo Massachusetts.

Huko, baada ya mwaka 1820, matajiri wa Boston walijenga viwanda vya kufuma nguo za pamba kando ya mto Merrimack, mahali panapoitwa Lowell. Waliita kazini binti za wakulima, na watoto pia. Mwaka 1836 sheria ilitolewa: mtoto asiyetimiza miaka 15 asiajiriwe kiwandani asipokuwa amesoma miezi mitatu katika mwaka. Sheria nzuri, lakini wengi hawakuifuata.

Mwaka 1837 Bwana Horace Mann akawekwa kuwa katibu wa baraza la elimu la jimbo. Alizaliwa katika ukulima na umaskini, akawa mwanasheria. Alizunguka vijijini akaona nyumba za shule mbovu na walimu wasiofundishwa kazi yao. Mwaka 1839 shule ya kwanza ya walimu ilifunguliwa huko Lexington. Fedha zilitoka wapi? Tajiri mmoja wa viwanda, Edmund Dwight, alitoa dola 10,000, na serikali ikaongeza kiasi hichohicho.

Tusimhukumu Dwight upesi. Pengine moyo wake ulikuwa mwema. Lakini tazameni jambo hili. Katika taarifa yake ya mwaka 1841, Mann aliwauliza wenye viwanda: mfanyakazi aliyesoma ana faida gani? Wakajibu kwamba huyo hufanya kazi vizuri zaidi, hupata mshahara mkubwa kuliko asiyejua kusoma, tena ni mtulivu. Mann alizitangaza barua hizo ili walipa kodi wakubali. Alitaka kuokoa watoto, akatumia maneno ya faida. Basi shule ikawa na mabwana wawili.

Maskini wenyewe hawakukubali sikuzote. Mwaka 1860, katika mji wa Beverly, wananchi walipiga kura kuifunga shule yao ya sekondari. Fundi wa viatu alitozwa kodi, na mtoto wake hakuwa na nafasi ya kuingia humo, kwa kuwa alihitajika kazini.

Nasi Wakatoliki tulikuwa na shida yetu. Baada ya njaa ya mwaka 1845, Waairlandi wengi sana walifika Boston. Mwaka 1852 Massachusetts iliamuru watoto wa miaka 8 hadi 14 wasome majuma 12 kila mwaka. Lakini katika shule hizo, zilizosemwa kuwa za wote, ilisomwa Biblia ya Waprotestanti. Mwaka 1859, katika shule moja ya Boston, mtoto Mkatoliki alikataa kuzisema Amri Kumi kwa namna yao. Mwalimu akampiga mikononi kwa fimbo muda wa nusu saa hivi. Mahakama haikumwona mwalimu kuwa na kosa, na watoto wenziwe mamia wakafukuzwa. Tukisoma habari hii twajiuliza: huyo mtoto, angefanya nini tena?

Maaskofu wa Marekani, walipokutana Baltimore mwaka 1884, waliagiza kila parokia ijenge shule yake. Wazazi, wengi wao wafanyakazi wa viwanda hivyohivyo, wakalipa mara mbili: kodi kwa shule ya serikali, na sadaka kwa shule ya masista.

Hata hivyo, mwaka 1922 jimbo la Oregon lilitoa sheria ya kuwalazimisha karibu watoto wote kwenda shule za serikali tu. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria wakaenda mahakamani. Mwaka 1925 Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria hiyo, ikisema wazazi wanayo haki ya kuchagua shule ya mtoto wao.