Nguvu za Wazee wa Diaca: Mzigo Bila Shuruti

Diaca iko bara, wilayani Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, kwenye barabara ya kwenda nyanda za juu za Mueda. Huko, kama kwingi, husemwa kwamba wazee wa zamani walikuwa imara kwa sababu walifanya kazi. Kauli hiyo ni kweli nusu. Jembe la mkono, kinu na mchi, kuni, na hasa maji, vilimshughulisha mtu hadi uzeeni. Maji juu ya nyanda hizo za Wamakonde ni haba, kwa hiyo kwa vizazi wanawake waliteremka mabondeni na kupanda tena mtungi ukiwa kichwani. Kupandisha mzigo mlimani hutumia mapaja, makalio na mgongo, misuli ileile inayomwinua mzee kutoka mkekani.

Lakini sehemu kubwa ya kazi ya karne iliyopita haikuwa ya hiari. Kampuni ya Nyassa ilitawala eneo hili kuanzia 1894 hadi 1929, ikitoza kodi na kukamata watu wa kazi. Kuanzia 1938 serikali ya Kireno ikalazimisha kilimo cha pamba, na wengi wakavuka mto Ruvuma kwenda kukata mkonge Tanganyika. Kumwambia aliyeyapitia hayo kwamba alikuwa akifanya mazoezi ni kejeli. Tena wazee tunaowakumbuka kwa uimara ni wale waliosalia. Aliyevunjika mgongo mapema hakuufikia uzee wa kusifiwa. Pingamizi hizi ni za haki, ila zinachokanusha ni sifa ya shuruti. Faida ya mzigo inabaki palepale. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, waliwapa wazee kumi wenye wastani wa miaka 90 mazoezi mazito ya miguu kwa wiki nane, na nguvu za tisa waliomaliza zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Mwaka 2007 watafiti wengine wa Marekani waliwalaza wazee wenye afya kitandani siku 10 tu, na miguu yao ikapoteza karibu kilo moja ya nyama.

Kwa Diaca, matokeo hayo yanagusa hasa miaka iliyofuata mashambulizi ya waasi wenye silaha, yaliyoanza wilayani humo Oktoba 2017. Watu wengi wa wilaya hiyo walikimbilia Mueda, Pemba na kwingineko, na mzee aliyetenganishwa na shamba lake hupoteza chakula pamoja na ile kazi iliyoilinda misuli yake. Mtu atauliza: je, arudishiwe jembe na basi? Hapana. Mzigo uleule wa kila siku hufikia kikomo, mwili ukiuzoea hauongezi kitu, na tumbo tupu halijengi misuli. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya usawa wa mwili siku tatu au zaidi kwa wiki. Vifaa havikosekani hata kambini: kuinuka kwenye kigoda mara kumi bila kushika kitu, kisha, siku miguu ikizoea, kuinuka na kidumu cha maji mkononi, robo kwanza, nusu baadaye. Kunde na dagaa za kujenga misuli zitafutwe kwa juhudi ileile, na wanaogawa chakula walijue hilo.