Jiwe la Mmoja na Mawe ya Wengi: Makaburi ya Ngorongoro na Kumbukumbu ya Kanisa

Utangulizi

Msafiri atokaye Karatu, akiisha kuupanda msitu na kufika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, huona kando ya njia mnara wa mawe wenye umbo la piramidi. Wengi husimama hapo, husoma maneno yaliyoandikwa, kisha huendelea na safari yao ya kwenda kuwaona wanyama. Makala hii haikusudii kuulaumu mnara huo. Inauliza swali la historia ambalo ni swali la uchungaji pia: katika nchi iitwayo pori, ni wafu wa nani wanaokumbukwa, nao wanakumbukwa na nani?

1. Baba na mwana

Mnara huo ni wa Michael Grzimek, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1934. Yeye na baba yake, Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, walikuja Tanganyika kuwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Ndege yao ilipakwa milia kama ya punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa akiirusha peke yake. Ndege iligongana na tumbusi, ikaanguka, naye akafa akiwa na umri wa miaka 24. Alizikwa ukingoni mwa kreta. Maandishi ya mnara yanashuhudia kwamba alitoa vyote alivyokuwa navyo, hata uhai wake, kwa ajili ya wanyama wa Afrika. Filamu yao juu ya Serengeti ilipewa tuzo ya Oscar mwaka 1960. Baba alifariki mwaka 1987, na majivu yake yakaletwa kuwekwa kando ya mwanawe.

Ni vigumu kusimama hapo pasipo kuguswa moyo. Yakobo naye alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli, njiani kuelekea Efrathi (Mwa. 35:19-20). Absalomu alijisimamishia nguzo angali hai, kwa kuwa hakuwa na mwana wa kulidumisha jina lake (2 Sam. 18:18). Pale Ngorongoro baba aliyetazamia kuzikwa na mwanawe ndiye aliyemzika mwana. Huzuni ya namna hiyo haina kabila, na mchungaji yeyote ameikuta katika nyumba za washarika wake.

2. Nchi isiyokuwa tupu

Hata hivyo, miaka ileile ina historia nyingine. Mwaka 1958 wazee wa Kimaasai walitia sahihi mapatano ya kuiacha Serengeti. Mwaka 1959 sheria iliitenga Ngorongoro na hifadhi ya taifa ya Serengeti: katika Serengeti watu wasikae, katika Ngorongoro wafugaji wakae pamoja na wanyama. Bernhard Grzimek alishikilia kwamba hifadhi ya taifa haipaswi kukaliwa na watu, hata wenyeji. Mwaka 1974 familia zilizokuwa zikiishi ndani ya kreta ziliondolewa. Kwa hiyo mnara ule, pamoja na machozi yaliyoujenga, unasimama pia katika historia ya watu waliohamishwa.

Tena nchi ile ilikuwa na makaburi tangu zamani. Sakafuni mwa kreta kuna marundo ya mawe yaliyofunika wafu wa kale sana. Mary Leakey ni mmoja wa wataalamu waliochimba huko. Baadaye walikaa Wadatoga, mpaka Wamaasai walipowashinda katika karne ya 19. Wadatoga humwinulia mzee aliyeheshimiwa kilima cha kaburi, kazi ichukuayo miezi mingi na kukusanya ukoo mzima.

Wamaasai kwa desturi yao ya zamani hawakuwazika watu wengi. Maiti ililazwa nyikani, nayo nyika ikaipokea. Lakini oloiboni au mzee mwenye heshima kuu alizikwa, na mawe yakawekwa juu yake. Kila apitaye huongeza jiwe lake, na rundo hukua kadiri watu wanavyoendelea kupita. Hapo ndipo tofauti ilipo. Maandishi ya piramidi husomwa hata na mgeni asiyemjua marehemu, bali rundo lile lahitaji watu wanaokaa karibu, wanaolijua na kulipitia. Watu wakiondolewa, rundo hubaki mawe matupu machoni pa mpitaji, na nchi huitwa pori.

3. Wajibu wa Kanisa

Kanisa lilileta badiliko kubwa kati ya wafugaji lilipofundisha kwamba kila mwili, hata wa mtoto mchanga, uzikwe kwa tumaini la ufufuo (1 Kor. 15). Leo Wakristo wa Ngorongoro wana makaburi, mengi yao bila maandishi. Na tangu mwaka 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango wa serikali uliozua mabishano makubwa. Ahamaye aweza kuswaga ng'ombe wake. Kaburi la mama yake haliswagwi.

Wengine watajibu kwamba kaburi la Musa halijulikani hata leo (Kumb. 34:6), na kwamba Mungu hahitaji jiwe ili awakumbuke walio wake. Hilo ni kweli, nalo ni faraja kwa waliofiwa. Lakini lisitumiwe kuwa kisingizio cha usahaulifu wetu. Mungu yuleyule aliagiza mawe kumi na mawili yatwaliwe katika Yordani, ili watoto waulize na wazazi wapate kusimulia (Yos. 4).

Hitimisho

Usharika maskini hauwezi kujenga minara, wala haina haja. Unacho kitabu cha usharika. Mchungaji na aandike humo jina la kila aliyezikwa, tarehe, na mahali, akitaja kilima, kijito au mti kama wenyeji wanavyoviita. Washarika wakihama, nakala ya orodha hiyo iende pamoja nao, na majina yasomwe Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, huko waliko. Wanafunzi wa theolojia watakaopita Ngorongoro na wasimame penye mnara wa Grzimek kwa heshima. Kisha wamtafute mzee wa mahali pale, wamwamkie, na kumwomba awaonyeshe baba zake walipolala.