Kufundisha kusoma katika darasa lenye wanafunzi wa viwango tofauti

KATIKA shule nyingi za msingi za Lokichoggio, Kakuma na Lodwar, kaunti ya Turkana, gredi aliyomo mtoto haimwelezi mwalimu mengi kuhusu uwezo wake wa kusoma. Kwenye dawati moja la gredi ya nne huweza kukaa mtoto anayesoma hadithi bila kukwama, mwenzake anayetambua silabi chache tu, na kijana wa miaka 15 aliyeanza shule mwaka jana. Wote watatu hupewa kitabu kimoja, na kitabu hicho kimeandikwa kwa kudhania kwamba tayari wanajua kusoma.

Hali hiyo ina vyanzo vyake. Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi Januari 2003, idadi ya wanafunzi nchini ilipanda kutoka milioni 5.9 hivi hadi zaidi ya milioni saba kwa muda mfupi, na wengi wa waliojiunga walikuwa wamepita umri wa kuanza. Katika jamii za wafugaji, ukame unapozidi, mtoto huondoka na mifugo kwa majuma au miezi, kisha hurejea na kukuta wenzake wamesonga mbele. Chakula cha shuleni nacho huwavuta watoto darasani kinapokuwapo, na kikikosekana mahudhurio hupungua.

Upande wa Kakuma kuna jambo la ziada. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa huko mwaka wa 1992, na shule zake hufuata mtaala wa Kenya. Humo mna watoto kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo. Wengine waliwahi kusoma miaka kadhaa kwa lugha nyingine kabla ya kukimbia, lakini huwekwa katika gredi za chini kwa sababu hawajui Kiingereza wala Kiswahili.

Kwamba tatizo si la Turkana pekee lilidhihirishwa na tathmini za Uwezo, zilizoanza mwaka wa 2009 katika Kenya, Tanzania na Uganda. Watathmini walikwenda nyumbani, wakampa kila mtoto karatasi ya kusoma ya kiwango cha darasa la pili. Ripoti za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba nchini Kenya ni watoto watatu hivi tu kati ya 10 wa darasa la tatu walioweza kazi hiyo. Kaunti kame za kaskazini zilikuwa miongoni mwa zilizobaki nyuma zaidi.

Mwalimu aliye mbele ya darasa la namna hii hukabiliwa na kishawishi kimoja kikubwa, nacho ni kufundisha wale wanaojibu. Silabasi lazima imalizike, na wakaguzi huuliza ukurasa uliofikiwa. Pia kuna desturi ya kusoma kwa pamoja. Mwalimu husoma sentensi, darasa zima huitikia, na sauti zikiwa 80 hakuna anayeweza kujua nani anasoma na nani anakariri. Njia rahisi ya kuthibitisha ni kumwonyesha mtoto neno la katikati ya sentensi, halafu la mwanzo, halafu la mwisho. Aliyekariri hukwama papo hapo.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake. Hakuhitajiki mtihani wa kuandika. Inatosha karatasi moja yenye sehemu nne, yaani silabi, maneno mafupi, aya ya sentensi nne hivi na hadithi fupi. Mtoto huanzia kwenye aya. Akiisoma vyema hupelekwa kwenye hadithi, na akishindwa hurudishwa kwenye maneno, kisha silabi. Mahali anapoweza ndipo kiwango chake. Kwa dakika nne kila mmoja, wanafunzi 90 huhitaji saa sita. Kazi hiyo ikigawanywa katika siku 10 za shule, ni dakika 36 kwa siku.

Hapa ndipo walimu wa Turkana Magharibi wanapohitaji uangalifu kuliko wenzao wa sehemu nyingine, kwa sababu kutojua kusoma na kutojua lugha ni mambo mawili, ingawa kwa sikio la haraka hufanana. Kisomali kimeandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini tangu 1972. Mtoto aliyefundishwa kwacho anazijua herufi, ila kwake 'c' na 'x' huwakilisha sauti za kooni ambazo Kiswahili hakina. Mtoto huyo hastahili kurudishwa kwenye silabi. Anachohitaji ni msamiati na siku chache za kuzoea. Kinyume chake, mtoto kutoka mashariki mwa Congo huweza kuzungumza Kiswahili kwa ufasaha na asijue herufi hata moja. Huyu naye ulimi wake mwepesi huwadanganya wengi.

Mtoto wa Kiturkana ana mtihani wake. Lugha yake haina sauti za 'f', 'v' wala 'z', hivyo huenda akatamka 'vazi' likasikika karibu na 'basi'. Hilo si kosa la kusoma. Jicho limeona herufi zilizopo, ila ulimi haujazoea. Mwalimu ambaye humhesabia kosa kila mara humshusha kiwango bila haki. La busara ni kumuuliza maana ya neno, kwa lugha yake ikiwezekana, na kuyatenga mazoezi ya matamshi na mazoezi ya kusoma.

Baada ya kupima, wanafunzi hugawanywa kwa kiwango, na jambo linaloamua mengi ni saa. Nchini India, shirika la Pratham lilifanya majaribio ya mbinu hii kwa miaka mingi. Walimu wa serikali walipopewa mafunzo na vifaa kisha wakaachwa waamue wenyewe lini watavitumia, watoto hawakunufaika sana. Katika jimbo la Haryana, mwaka wa 2012 na 2013, ratiba ilitengewa saa maalum, watoto wakapangwa kwa kiwango badala ya darasa, na wasimamizi wakafuatilia. Hapo usomaji uliimarika.

Katika magharibi mwa Kenya kulikuwa na jaribio la namna nyingine, lililoanza mwaka wa 2005 katika shule 121. Kila shule iliongezewa mwalimu ili darasa la kwanza ligawanywe mara mbili. Katika nusu ya shule hizo mgawanyo ulifuata alama za awali, na katika nusu nyingine ulifanywa kwa bahati nasibu. Matokeo, yaliyochapishwa na Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer mwaka wa 2011, yalionyesha kuwa watoto waliogawanywa kwa alama walifanya vyema zaidi, hata wale wa kundi la chini. Hata hivyo shule zote ziliongezewa mwalimu, jambo ambalo shule nyingi za Turkana huliota tu.

Kwa shule isiyo na mwalimu wa ziada, njia inayowezekana ni gredi tatu kusoma katika saa moja. Gredi ya tatu, ya nne na ya tano huchanganywa, kisha mwalimu mmoja huchukua wa silabi, wa pili wa maneno, wa tatu wa aya na hadithi. Idadi ya walimu haibadiliki. Panapokuwa na mwalimu mmoja tu, kama ilivyo katika baadhi ya shule za kuhamahama, yeye huketi na wa silabi kwa sehemu kubwa ya saa huku wengine wakisomeana wawili wawili. Ni afadhali aliye hodari zaidi kati ya walimu apewe kundi la chini. Shule nyingi hufanya kinyume.

Kundi la silabi lina bahati moja katika Kiswahili. Maandishi yake hufuata matamshi, vokali ni tano tu, na aliyeshika ma-me-mi-mo-mu na ba-be-bi-bo-bu anaweza kujenga 'mama', 'bomu' na 'mbu' baada ya muda mfupi. Kiingereza hakimpi mtoto zawadi hiyo. Vifaa navyo si ghali. Kadi za silabi hukatwa kutoka katoni kuukuu, na mchanga, ambao Turkana ni tele, ni ubao usiohitaji chaki. Mtoto huandika kwa kidole, hufuta, huandika tena.

Kuna hatari isiyopaswa kufichwa. Makundi yakidumu, hugeuka kuwa hukumu. Hata yakiitwa 'simba' na 'twiga', watoto hujua upesi lipi ni la wasiojua. Kwa hiyo wapimwe upya kila baada ya majuma manne au sita, na aliye tayari ahamishwe hata kabla ya siku hiyo. Kiwango chake kiandikwe kwenye rejista, ili akienda na mifugo na kurudi baada ya miezi miwili, aendelee alipoachia bila kusubiri muhula mpya.

Wenye umri mkubwa huumia zaidi. Msichana wa miaka 16 akiketi na watoto wa miaka minane na kupewa hadithi ya vifaranga, huenda asionekane kesho yake. Maneno yake yaweza kuwa mafupi vile vile, lakini yahusu bei ya mbuzi, kisima, au safari ya kwenda Lodwar kuchukua kitambulisho. Pale inapowezekana, wakubwa wawe na kundi lao.

Vigezo vya kasi navyo vitumiwe kwa kiasi. Katika mpango wa Tusome, ulioenezwa nchini kuanzia 2015, msomaji mwepesi alitarajiwa kufikia maneno 45 kwa dakika katika Kiswahili na 65 katika Kiingereza. Tofauti hiyo inatokana na urefu wa maneno, kwani 'hatukumwona' ni neno moja tu, ilhali Kiingereza hutumia matano. Mwalimu asiyejua hili hudhani watoto wake wamezorota katika Kiswahili. Tena kasi bila maana haifai, na maswali mawili baada ya hadithi hufichua mengi kuliko saa ya mkononi.

Wanaobaki ni wale wanaosoma tayari, ambao katika saa hiyo husahaulika kwa urahisi kwa sababu hawasumbui. Wao hawapaswi kufanywa wasaidizi wa mwalimu kila siku. Wapewe vitabu vya ziada, magazeti ya zamani, waandike muhtasari na hadithi za nyumbani kwao. Hadithi hizo, zikinakiliwa kwa herufi kubwa, ndizo zinazoweza kusomwa na kundi la aya juma linalofuata.