Vuta Makasia Polepole



Waestonia, watu wa pwani ya Bahari ya Baltiki, wanayo methali isemayo: "Tasa sõuad, kaugele jõuad"; yaani, ukivuta makasia polepole, utafika mbali. Yafanana na yetu, "Haraka haraka haina baraka", ila hapa mkono haujaacha kasia.

Mwaka 1940 nchi yao ilitwaliwa na Muungano wa Kisovieti. Askofu Eduard Profittlich, Mjesuiti mzaliwa wa Ujerumani, angaliweza kurejea kwao. Akabaki na kundi lake. Alikamatwa mwaka 1941, akafa gerezani Kirov tarehe 22 Februari 1942. Tarehe 23 Agosti 1989 watu wapatao milioni 2 wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono, wakafanya mnyororo wa kilomita 600 hivi. Mwaka 1991 uhuru ukarudi. Na mwaka 2025 Askofu huyo akatangazwa Mwenye Heri mjini Tallinn.

Basi, tusimwambie mwenye kuonewa methali hii ili anyamaze. Tumwambie tukiwa tumeketi naye chomboni, nasi tumeshika kasia.

Mungu awabariki.