Mgambo wa Lukaya

Zamani katika miji ya pwani, mgambo ulikuwa tangazo. Pembe ya mbiu ilipigwa, watu wakaacha majembe na nyavu, wakatoka kusikiliza wakuu wa mji wanasema nini. Ndipo wahenga wakatuachia usemi kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika karne ya 20 Tanzania ililichukua neno hilo ikampa mtu: mkulima, fundi, karani au mvuvi ambaye siku zake zote ni za kazi yake, lakini amefunzwa kushika bunduki na anaweza kuitwa wakati wowote.

Kila nchi yenye askari wa akiba hukutana na swali moja. Mtu wa namna hii akiitwa vitani, hupewa kazi gani? Hupelekwa mstari wa mbele pamoja na wanajeshi wa kudumu, au huachiwa kulinda maghala na kubeba masanduku ya risasi? Tanzania ililijibu swali hilo katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Jibu lake lina aibu na ushindi ndani ya siku mbili, kwa hiyo linafaa kusimuliwa bila haraka.

Mzizi wa habari hii uko mwaka 1964. Tarehe 20 Januari mwaka huo, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi maofisa wao Waingereza wakidai mishahara na vyeo. Serikali changa ya Mwalimu Julius Nyerere ilijikuta haina nguvu ya kuwazuia watu iliowapa silaha yenyewe. Ilibidi iwaombe msaada Waingereza, na tarehe 25 Januari makomando wao wakatua na kuzima uasi. Kwa nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu, lilikuwa jambo la kuumiza moyo.

Nyerere alilivunja jeshi lile. Tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Jina lenyewe lilibeba fikra mpya: jeshi litoke kwa wananchi, lisijione tabaka la peke yake. Vijana wa chama tawala, TANU, na wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), lililoanzishwa mwaka 1963, wakawa chemchemi ya askari wapya. Tangu hapo, wazo la raia aliyefunzwa vita halikuwa geni tena kwa viongozi wa Tanzania. Kusini, kando ya Mto Ruvuma, wanavijiji walikuwa wanaishi jirani na vita vya Wareno nchini Msumbiji, na ulinzi kwao lilikuwa jambo la kila siku.

Kisha yakaja matukio mawili yaliyofuatana. Novemba 1970 Wareno walishambulia Conakry, mji mkuu wa Guinea. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin akampindua Milton Obote nchini Uganda. Mwezi uliofuata TANU ilitoa Mwongozo wake wa mwaka 1971, na ndani yake ikasisitiza kwamba ulinzi wa taifa si kazi ya jeshi peke yake. Wananchi wafunzwe, na mgambo wajengwe nchi nzima. Mafunzo yakasambaa vijijini, viwandani na maofisini: kwata, ukakamavu, kulenga shabaha, kulinda lindo la usiku. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakashindwa, na ndege za Amin zikajibu kwa kupiga mabomu katika miji ya Bukoba na Mwanza. Mapatano ya Mogadishu ya Oktoba mwaka huo yalituliza silaha, lakini hayakutuliza mioyo.

Mbiu yenyewe ililia mwishoni mwa Oktoba 1978. Majeshi ya Uganda yalivuka mpaka na kuikalia ardhi yote iliyo kaskazini mwa Mto Kagera, kiasi cha kilomita za mraba 1,800, katika mkoa ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakaswagwa kuvushwa mpaka, na daraja la Kyaka likalipuliwa tarehe 3 Novemba. Siku moja kabla ya hapo, Nyerere alikuwa amekwisha kuliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga Amin ipo, nia ipo, na uwezo upo.

Sababu na nia zilionekana wazi. Uwezo ndio uliokuwa na hesabu ngumu. JWTZ ilikuwa na askari wasiofika 40,000, na mpaka wa kusini haukuweza kuachwa wazi. Waziri Mkuu Edward Sokoine aliwaagiza wakuu wa mikoa wakusanye kila kilichoweza kusaidia vita, watu na mali. Malori na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yakachukuliwa. Reli ikajaa askari. Katika wiki chache jeshi lilizidi watu 100,000, wakiwemo polisi, magereza, vijana wa JKT, na mgambo wapatao 40,000.

Hapa ndipo swali letu linapopata uzito. Kwa idadi hiyo, mgambo walikuwa karibu sawa na jeshi lote la kudumu lilivyokuwa kabla ya vita. Hata kama makamanda wangetaka kuwaweka nyuma wote, wasingeweza. Wapo waliobaki vijijini wakilinda madaraja na barabara, nayo ilikuwa kazi ya lazima. Lakini maelfu waliingia katika mashambulizi yaliyopewa jina la Operesheni Chakaza. Baadhi ya brigedi mpya zilijazwa mgambo, na iliyojulikana zaidi kwa hilo ni Brigedi ya 201, ambayo karibu askari wake wote walikuwa watu walioacha majembe na ofisi miezi michache tu kabla.

Adui aliondolewa Kagera. Januari 1979 Mutukula ikatekwa, na mwishoni mwa Februari miji ya Masaka na Mbarara ikaanguka. Mwalimu hakuwa ameanza na nia ya kufika Kampala kwa majeshi yake mwenyewe. Alitarajia Waganda waliokuwa uhamishoni waimalize kazi. Hesabu hiyo ilibadilika pale Muammar Gaddafi wa Libya alipotuma askari na silaha kumwokoa Amin.

Lukaya ni mji mdogo kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala. Mbele yake barabara inapita juu ya tuta katikati ya kinamasi, na yeyote aliyetaka kuufikia mji mkuu kutoka kusini ilimpasa alishike tuta hilo. Brigedi ya 201 ndiyo iliyopewa kazi ya kuushika mji na njia yake. Tusilipite jambo hili haraka: mgambo hawakupewa kona ya uwanja, walipewa mlango.

Tarehe 10 Machi 1979 Walibya na askari wa Amin walishuka barabarani na vifaru aina ya T-55, magari ya deraya na mizinga ya Katyusha. Maroketi yalianza kunguruma. Mengi yalipita juu ya vichwa vya Watanzania yakaangukia mbali, lakini mtu ambaye hajawahi kusikia Katyusha hana namna ya kujua kwamba lile limekwisha kumpita. Mstari ukavunjika. Wengi wa mgambo wa Brigedi ya 201 wakakimbia, na Lukaya ikapotea.

Kama simulizi ingeishia jioni ile, kila mwenye kuwabeza askari wa akiba angepata ushahidi wake. Kamanda wa divisheni, Meja Jenerali David Msuguri, angeweza kuwarudisha nyuma mgambo wale walinde maghala mpaka mwisho wa vita. Hakufanya hivyo. Brigedi ya 208 ya Brigedia Mwita Marwa, iliyokuwa mbali kaskazini magharibi, iliamriwa igeuke na kutembea kwa haraka kwenda kukata barabara ya Kampala nyuma ya adui. Brigedi ya 201 ilikusanywa, ikapangwa upya, ikapewa kazi ya kushambulia kutoka mbele, mahali palepale ilipopakimbia.

Tarehe 11 Machi Brigedi ya 208 ilikuwa imefika. Walibya na washirika wao, ambao hawakuwa wamesonga mbele kuutumia ushindi wao, wakajikuta wamebanwa pande mbili. Waliouawa upande wao walikuwa mamia, nao waliobaki walitawanyika kuelekea Kampala. Wale walioonekana kuwa udhaifu wa jeshi wakawa nusu ya ushindi wake.

Kuna jambo lingine linalotakiwa kukumbukwa kuhusu Lukaya. Miongoni mwa askari aliowatuma Gaddafi, pamoja na wanajeshi wa kawaida, walikuwamo mgambo wa Libya pia. Kwa hiyo raia wenye mafunzo mafupi walikuwapo pande zote mbili za tuta. Zana bora zilikuwa za Walibya. Tofauti ilikuwa kwamba mgambo wa Tanzania walijua kwa nini wako pale. Mabomu yalikuwa yameanguka Bukoba na Mwanza, watu wa Kagera walikuwa wamechinjwa, na nyuma yao palikuwa na makamanda walioamini kwamba mtu aliyekimbia jana anaweza kusimama leo akiongozwa vizuri. Mlibya aliyetolewa jangwani kuja kumtetea Amin katika kinamasi cha Uganda hakuwa na sababu kama hiyo.

Baada ya Lukaya, njia ya Kampala ilifunguka. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili, na Kampala ikatekwa tarehe 10 na 11 Aprili. Brigedi ya 201 ilikuwa kaskazini ya mji, ikizuia barabara. Tarehe 3 Juni majeshi ya Tanzania yalifika mpaka wa Sudan, na vita vikaisha.

Kutokana na hayo ninatoa hukumu yangu. Mgambo walipewa kazi halisi ya vita, na waliifanya. Kilichowaangusha siku ya kwanza ya Lukaya hakikuwa damu yao ya ukulima. Ni kuwekwa mbele ya maroketi bila kuzoeshwa na bila nguvu ya kutosha pembeni yao. Kilichowainua ni kupangwa upya, kuungwa mkono na brigedi yenye uzoefu, na kuaminiwa mara ya pili. Nchi inayotaka kuwategemea askari wake wa akiba isisubiri mbiu ilie ndipo iwafunze.

Vita vilipokwisha, wengi wao walirudi mashambani na kwenye karakana zao. Leo kijana wa mjini akisikia neno mgambo humkumbuka anayefukuza wamachinga barabarani, na ni wachache wanaojua kwamba neno hilohilo liliwahi kubebwa na watu walioshika tuta la Lukaya. Mashujaa wa vita wamelala Kaboya, Muleba, na kila tarehe 25 Julai taifa huwakumbuka. Waliorudi hai sasa ni wazee, na kila mwaka wanapungua. Kama yuko mmoja katika ukoo wako, mwendee kabla jua halijatua. Mkalie karibu, muulize alikuwa brigedi gani na aliona nini, na uyaandike majibu yake.