Jeanie Boulet Hakufa

Siku hizi narudia kutazama ER, ile drama ya hospitali iliyoanza Marekani Septemba 1994 ikaisha 2009, misimu 15 baadaye. Ukiitaja, watu wanakumbuka George Clooney. Haya, sawa. Mimi nimekwama kwa Jeanie Boulet, mhusika wa pembeni aliyeigizwa na Gloria Reuben.

Jeanie anaingia msimu wa kwanza kama mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayemhudumia mamake Dkt. Peter Benton. Hadithi ni ya Benton. Yeye ni mpita njia tu. Baadaye anaajiriwa County General, hospitali ya kubuni huko Chicago, kama msaidizi wa daktari, kazi inayokaribiana na ya maafisa wetu wa kliniki. Kisha, 1996, mumewe Al anapatikana na virusi vya ukimwi. Naye pia.

Hapo nilijua wanamuua. Episodi tatu hivi: akohoe, akonde, tulie, tusahau. Kumbe Julai ya mwaka huo huo, kwenye kongamano la kimataifa la ukimwi mjini Vancouver, watafiti walikuwa wameonyesha kwamba dawa tatu zikimezwa pamoja zinavizima virusi. Msimu wa tatu ulianza Septemba, na Jeanie akaachwa aishi. Shida zake zikawa za kazini. Anaficha hali yake, Dkt. Mark Greene anachungulia rekodi zake kisirisiri, wakubwa wanabishana ni kazi gani aruhusiwe kufanya kwa wagonjwa. Kwangu hizo ni episodi nzuri kushinda zile za ajali na damu kila mahali.

Anti yangu, dadake mama, alipimwa 1997. Sisi watoto tuliambiwa ni kifua. Majirani walisema "ako na ile maneno," wakishusha sauti, na kikombe chake kikawekwa rafu yake peke yake. Wodi aliyolazwa mara ya mwisho, sahani yake ya chakula iliachwa mlangoni, aifuate mwenyewe kama ana nguvu. Zile dawa tatu ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mwaka. Anti aliuza mitumba Gikomba.

Novemba 1999 Jeanie anaondoka kwenye ER. Ameolewa tena, na polisi anayeitwa Reggie, na amemchukua mtoto mchanga, Carlos, aliyezaliwa na virusi. Anaenda nyumbani kumlea. Mwezi huo huo Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa. Kisa cha kwanza Kenya kilikuwa kimegunduliwa 1984. Miaka 15, jameni! Kila nikiipiga hesabu hii nashikwa na hasira, na siwezi kuandika kana kwamba sina.

Anti alifariki Agosti 2000. Tangazo la kifo lilisema "baada ya kuugua kwa muda mrefu," maneno yaliyojaa magazetini miaka hiyo na ambayo kila mtu alijua kuyasoma.

Februari 2001, miezi sita tu baadaye, kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuwauzia Médecins Sans Frontières mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka kwa kila mgonjwa. Mwaka huo Bunge letu nalo likapitisha sheria iliyofungua njia ya kuingiza dawa za bei nafuu. Dola 350 anti hangezipata peke yake, lakini tungechanga. Tulichanga pesa za jeneza na basi la kwenda ushago, hizo je?

2008 Jeanie anarudi kwa episodi moja. Carlos ameumia, ameletwa hospitalini, na mama ni yule yule, miaka 12 na virusi. Nilikuwa naitazama kwa laptop sebuleni mama alipopita na chai.

"Huyu si ndiye ulisema ni mgonjwa?"

"Ndiye."

Akaweka kikombe mezani, akavuta kiti. "Hebu rudisha nyuma nione."