Sauti Moja, Vyumba Vingi

Ndugu na jamaa, jambo la kuisikia sauti moja katika vyumba vilivyoachana lina umri wa zaidi ya miaka 140, na ni vyema tulijue kabla hatujapeleka mchango wetu dukani. Mwaka 1881, katika maonyesho ya umeme mjini Paris, Mfaransa Clément Ader aliweka maikrofoni mbele ya jukwaa la Opera, akavuta waya mpaka kwenye jumba la maonyesho. Huko watu walipanga foleni ili washike visikizio viwili, kila sikio na chake, na wakastaajabu kuona kwamba waliweza kujua mwimbaji amesimama upande gani na anaelekea wapi. Hiyo ilikuwa stirio kabla watu hawajalizoea jina lake. Kuanzia 1890 kampuni ya Théâtrophone iliuza huduma hiyo mjini Paris, na mwaka 1895 London ikapata ya kwake, iitwayo Electrophone: mwenye uwezo alikaa nyumbani kwake akasikiliza mchezo wa jukwaani au ibada ya kanisani kwa waya wa simu.

Kwetu mambo yalikuja kwa njia nyingine. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi kwa kampuni ya HMV, na santuri zake zikaenea pwani nzima. Gramafoni ya siku zile ilizungushwa kwa mkono, haikuwa na umeme wala waya. Hata hivyo nyumba nzima ilisikia. Nyumba ya babu yangu, niliyoikuta nikiwa mtoto wa chuoni, ilikuwa ya udongo na makuti, na kuta zake za ndani hazikufika juu. Ukikohoa chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma anakwambia pole. Ilipokuja redio (Sauti ya Unguja ilianza 1951, na Cairo ikaanza kutangaza kwa Kiswahili 1954) iliwekwa mezani ukumbini, basi. Wanaume waliisikiliza barazani, wanawake uani, na mgonjwa kitandani kwake, wote wakacheka pamoja pale pa kuchekwa. Paa lilitufanyia kazi ambayo leo tunataka kuinunua kwa mamia ya pauni.

Hapa Uingereza nyumba ni za matofali na milango hufungwa kwa ajili ya baridi. Aliye ghorofani hajui kinachosemwa chini. Lakini Waingereza wenyewe waliwahi kulitafutia dawa jambo hili, na ilianzia karibu na ninapokaa. Mwaka 1925, katika kijiji cha Hythe, ng'ambo ya maji kutoka Southampton, mwenye duka mmoja, Maton, aliunganisha nyumba za jirani kwa waya kutoka kwenye redio yake. Mwaka 1928 ikaanzishwa kampuni ya Rediffusion, iliyoifanya kazi hiyo mji baada ya mji. Mteja hakuhitaji kuwa na redio. Alikuwa na spika na swichi tu, akalipa kidogo kila wiki. Kampuni ilifika mpaka Malta, Hong Kong na Singapore. Mashine moja, spika nyingi, waya katikati: mwenye kuifahamu Rediffusion ameifahamu risiva ya vyumba vingi.

Sasa nije kwenye stirio yenyewe. Alan Blumlein, fundi wa kampuni ya EMI, inasimuliwa kwamba alikwenda sinema akachukizwa kuona mchezaji anavuka pazia kutoka kushoto kwenda kulia huku sauti yake imekaa pale pale. Mwezi wa Disemba 1931, akiwa na umri wa miaka 28, aliomba hataza ya njia ya kurikodi na kusikilizisha sauti kwa pande mbili, pamoja na namna ya kuzitia pande zote mbili katika mfereo mmoja wa santuri. Alikufa 1942 katika ajali ya ndege akijaribu mitambo ya rada ya vita, asiione biashara iliyotokana na akili yake. Santuri za stirio hazikujaa madukani mpaka 1958. Redio za stirio ziliruhusiwa Marekani 1961, na BBC ikaanza kutangaza hivyo kwa kawaida 1966.

Hapo ndipo risiva ilipopata soko lake, yaani redio na amplifaya katika sanduku moja. Katika miaka ya 1970 Wajapani walishindana kwa nguvu. Pioneer SX-1980 ya mwaka 1978 ilitoa wati 270 kila upande na ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 35. Sijui nani alizihitaji wati zote hizo, isipokuwa mwenye ugomvi na jirani. Lakini risiva nyingi za wakati ule zilikuwa na kitu cha maana zaidi, swichi ya A na B: spika mbili ukumbini, mbili chumba kingine.

Hapa nawaomba vijana wanisikilize. Spika ya ohmu 8 ikiunganishwa sambamba na nyingine ya ohmu 8, amplifaya huona ohmu 4. Ukiongeza ya tatu, huona chini ya 3, inavuta umeme mwingi, inapata moto, na mwisho inaungua. Mwenye kutaka vyumba vitatu au vinne kwa amplifaya moja anunue na kisanduku cha kugawa kinacholinda ohmu hizo. Tena A na B hutoa kitu kile kile vyumba vyote. Risiva yenye maeneo mawili ndiyo inayoweza kupeleka Kurani ghorofani na mpira chini kwa wakati mmoja. Muulizeni muuzaji kama eneo la pili linapokea kila kitu, maana risiva nyingi za miaka iliyopita zilikubali huko vyombo vya analogi tu.

Vijana wetu wamependekeza spika zisizo na waya, zinazoendeshwa kwa simu. Wana hoja nzuri. Kampuni ya Sonos, iliyoanzishwa California 2002 na kuuza mitambo yake ya kwanza 2005, ilifanya jambo la kusifiwa, maana kuzifanya spika za vyumba vyote zitoe neno moja kwa wakati mmoja bila waya si kazi ndogo. Lakini Januari 2020 kampuni hiyo hiyo ilitangaza kwamba vyombo vyake vya zamani kabisa havitapata tena programu mpya kuanzia Mei. Spika zilikuwa nzima, umri wao ndio uliohesabiwa. Risiva ya 1978 bado hukubali waya wa leo.

Na mchango huu ni wa nyumba ya Bi Mkubwa, ambaye miguu imemkataa na hashuki tena ngazi. Nilipomweleza khabari ya simu alinijibu, "Mwanangu, mimi nikitaka kusikia Kurani alfajiri, nimwamshe mjukuu anifungulie?" Sikuwa na jibu. Anachokitaka khasa, alisema, ni kusikia tunachokisikia chini, hata kama hakimpendezi.

Kwa hiyo rai yangu ni risiva ya maeneo mawili, yenye wati 50 hivi kila upande na kitufe kimoja cha kuunganisha vyumba vyote. Waya uwe wa shaba, milimita mraba 2.5. Kutoka ukumbini mpaka kwake ni mita 15, na kwa unene huo hatupotezi hata robo ya ohmu. Fundi ameshakagua: utapita chini ya ngazi na kutokea nyuma ya kabati. Swichi yake ya sauti iwe ya kuzungusha, tena iwekwe kushoto mwa kitanda, kwa sababu mkono wa kulia una baridi yabisi.